Bomba Lenye Kutu Ndani

Nani katika Kambove, mji wa shaba, asiyejua bomba kuukuu la maji: nje zima, ndani limejaa kutu? Ndivyo iwavyo mishipa ya damu ya baadhi ya wenye virusi vya UKIMWI, hata wamezao dawa kila siku. Virusi hulala, lakini askari wa mwili hawalali. Mapigano yao huchubua kuta za mishipa, mafuta hugandamana hapo, na siku moja moyo wa mtu aliyejiona mzima hukosa damu.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu 7,769 katika nchi 12, Uganda mojawapo. Kwa waliopewa pia pitavastatini, dawa ya kupunguza mafuta ya damu, maradhi makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa theluthi moja hivi. Aliyetimiza miaka 40 amwulize daktari habari ya dawa hiyo. Zile za virusi asiziache.