Kulika kwa Meno ya Spoketi: Istilahi na Dalili Zake

Mfasiri wa mwongozo wa mitambo mizito akifikia gurudumu linaloendesha cheni ya katapila, aghalabu huandika "gurudumu la meno" na kuendelea na kazi yake. Jina hilo si baya, ila halitoshi. Gia nayo ni gurudumu la meno. Meno ya gia huumana na meno ya gia nyingine. Ya spoketi huingia katika cheni. Mafundi wa karakana, na hata vijana wa bodaboda, wamekwisha kulitenga neno hili, nasi hatuoni sababu ya kubuni jingine.

Jambo hili lina uzito mahali kama Kagunga, kijiji cha Mkoa wa Kigoma kilicho jirani na mpaka wa Burundi, ambako milima huteremka hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 2015, wakimbizi walipokusanyika huko kwa maelfu, wengi waliondolewa kwa njia ya maji, meli ya Liemba ikiwa mojawapo ya vyombo vilivyowachukua. Kipuri kiagizwacho Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kabla ya kufika Kigoma mjini, na bado safari haijaisha. Mwendesha mtambo akipewa mwongozo usemao tu kwamba spoketi "ikiharibika" ibadilishwe, ataagiza lini?

Maana spoketi haiharibiki kwa siku moja, hulika. Jino lililolika limepunguzwa na msuguano, lililovunjika limekatika, na lenye ufa li karibu kukatika. Kitenzi "kuchakaa" afadhali tukiachie mtambo mzima.

Spoketi mpya huwa na meno mapana yenye ncha butu, na kati ya jino na jino pana bonde la mviringo ambamo bushi ya cheni hutulia. Ikilika, jino hukonda, ncha huchongoka, na ubavu mmoja huliwa zaidi hata jino likapinda mfano wa ndoana. Miongozo ya kigeni hupenda kulifananisha na pezi la papa. Lakini Ziwa Tanganyika halina papa, na ndoana kila mvuvi anayo.

Walakini chanzo mara nyingi kimo katika cheni. Pini na bushi zikilika kwa ndani, umbali wa pini hadi pini huongezeka, usilingane tena na ule wa meno. Basi bushi hupanda ubavu wa jino badala ya kutulia bondeni. Tope na mchanga vikishindiliwa bondeni huleta matokeo yale yale, na cheni iliyokazwa kupita kiasi huharakisha ulaji. Ndiyo sababu fundi hatazami jino peke yake: huivuta cheni ikanyooka, akapima pini kadhaa kwa utepe, kisha akalinganisha na kipimo cha mtengenezaji. Cheni mpya ikifungwa juu ya spoketi iliyolika, huliwa upesi.

Umbali huo wa pini hadi pini twapendekeza uitwe "mwachano". Neno "hatua" lingeweza kufaa, lakini katika mwongozo huo huo hatua ni za kazi, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na fundi aambiwaye kwamba "hatua imerefuka" huenda akadhani anahimizwa kufanya kazi polepole.