Mlango Wenu Wafunguka Upande Gani?

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 bweni la wavulana liliwaka moto katika shule ya Hillside Endarasha Academy, hapa kwetu Kieni. Watoto 21 walipoteza maisha. Bweni lilikuwa la mbao, na moto ukipata mbao kavu haungoji mtu. Wengi wetu tunakumbuka pia Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67 walikufa, mlango mmoja ukiwa na kufuli na madirisha yana vyuma.

Sasa utasema hayo ni mambo ya shule. Hebu tazama chumba chenu cha cherehani, karakana ya useremala, au mashine ya kusaga. Ni mbao na mabati, vyuma dirishani, na mlango mmoja unaofunguka kwa ndani. Hofu ya wezi tunaielewa. Zile cherehani zilinunuliwa kwa michango ya miaka. Lakini watu wakikimbia pamoja huusukuma mlango, na ule wa kufunguka ndani hukazana zaidi. Aliye mbele hawezi kurudi nyuma auvute, kwani wenzake wamemkandamiza.

Basi kazi ya kwanza haihitaji mfadhili. Muiteni fundi augeuze mlango ufunguke kwa nje. Dirisha moja litolewe vyuma, liwekewe kifuniko cha kufungwa na komeo kwa ndani. Kufuli ni ya usiku, wakati hakuna mtu ndani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka vivyo hivyo: mtu akiwa ndani, mlango usifungwe kwa namna ambayo hawezi kuufungua upesi. Na si eti ni sheria ya viwanda vya Nairobi peke yake. Yahusu kila mahali pa kazi, hata pa muda. Kanuni za moto za mwaka huohuo zadai mazoezi ya kutoka nje angalau mara moja kwa mwaka. Fanyeni siku ya mkutano: mmoja agonge sufuria, wote watoke, katibu ahesabu kwa rejista. Wazee watacheka, wacha wacheke.

Moto wenyewe huanzia wapi? Julai, baridi ikizidi, jiko la makaa huingizwa ndani karibu na vitambaa. Hata lisipochoma kitu, hewa yake yaua ndani ya chumba kilichofungwa. Petroli ikae nje. Soketi moja isibebeshwe pasi, cherehani na redio.

Moto wa stima usiumwagie maji, utarushwa; zima swichi kubwa kwanza. Moto wa mafuta nao ukimwagiwa maji husambaa, kwa hivyo wekeni ndoo mbili za mchanga mlangoni. Moshi ukijaa, tambaeni, maana hewa nzuri iko chini. Gari la zimamoto liko mjini, na barabara ya kwenu mnaijua.

Mwenyekiti, kabla ya mkutano ujao, usukume huo mlango ukiwa ndani, uone.