Je, Wajua? Wanawake Waliojijengea Jukwaa, kutoka New York hadi Nyanda za Juu Kusini

JE, WAJUA kwamba mwaka 1905, vita vya Majimaji vilipofika Ubena na misheni ya Yakobi karibu na Njombe ikashambuliwa, huko New York kulikuwa na mwanamke akipaa juu ya jukwaa kwa waya mbele ya umati? Jina lake Maude Adams. Tarehe 6 Novemba mwaka huo alitokea katika ukumbi wa Empire akiwa Peter Pan, mvulana asiyetaka kukua, na nafasi hiyo ikamfanya mmoja wa waigizaji waliopendwa na kulipwa zaidi Marekani. Alizaliwa Salt Lake City mwaka 1872, mama yake akiwa mwigizaji, na alibebwa jukwaani kabla hajaweza kutembea.

Wajua alikoishia? Aliachana na jukwaa mwaka 1918, bado jina lake likijaza kumbi. Baadaye aliingia katika maabara za kampuni ya General Electric kutafiti taa za kupigia filamu za rangi, kisha kuanzia mwaka 1937 akafundisha maigizo katika Chuo cha Stephens, Missouri. Mwigizaji, mtafiti, mwalimu. Shika hayo matatu, kwa maana njia ya wanawake wa jukwaa letu nayo imepita darasani, tofauti ikiwa kwamba wetu waliyafanya yote kwa pamoja, na uandishi wakajitwisha juu yake.

Wajua kuwa zamani hizo mwigizaji wa Marekani aliweza kufanya mazoezi wiki nyingi bila senti moja, na wengi, hasa wanawake, walijinunulia maleba yao wenyewe? Mchezo ukikosa watazamaji ukafungwa, hasara ilikuwa yake. Agosti 1919 waigizaji waligoma. Kumbi za New York zilifungwa moja baada ya nyingine, Ethel Barrymore, nyota mkubwa wa enzi hizo, akasimama na wagomaji, na wasichana wa kwaya na dansi wakaunda chama chao chini ya Marie Dressler. Mgomo ulidumu takriban mwezi mmoja, na waigizaji wakashinda. Kikundi chochote kinachotoka Mbeya kwenda kuigiza Tukuyu kwa nauli ya mifukoni mwa wanakikundi kina kila sababu ya kuikumbuka Agosti hiyo.

Na Aida Overton Walker je? Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa mwaka 1880. Mchezo wa nyimbo na dansi alioshiriki, In Dahomey, ulivuka bahari hadi London mwaka 1903 na kuigizwa katika kasri la Buckingham. Mumewe, George Walker, naye mwigizaji, alipougua hata asiweze tena kupanda jukwaani, Aida alivaa mavazi ya mumewe, akaimba wimbo wa mumewe, akaendeleza onyesho. Alifariki mwaka 1914, akiwa bado kijana. Mwaka mmoja baadaye, mtaani Harlem, mwanamke mwingine mweusi, Anita Bush, alianzisha kundi lake la tamthiliya ili watu weusi wacheze michezo mizito badala ya kuitwa kuchekesha tu. Kundi hilo ndilo lililokuja kujulikana kama Lafayette Players.

Wajua kwamba Afrika Mashariki nayo iliwahi kuwa na mwigizaji mgeni wa zama hizo? Osa Johnson wa Kansas alipanda majukwaa ya Marekani akiimba na kucheza ngoma kunogesha picha za safari za mumewe, Martin. Miaka ya 1920 wawili hao walihamia Marsabit, Kenya, wakakaa kando ya ziwa la volkano wakipiga filamu za wanyama.

Tugeukie kwetu.

JE, WAJUA kwamba mwaka 1911, wakati majina ya akina Maude Adams yanaandikwa kwa taa za umeme, binti wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu aliingia mjini Unguja, na ndani ya miaka 17 sauti yake ikawa katika santuri zilizorekodiwa Bombay? Siti binti Saad anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri. Tumezoea kumtaja kama mwimbaji peke yake. Lakini taarabu ya Unguja ya nyakati zile ilikuwa na natiki pia, yaani michezo mifupi ya kuchekesha na kusema watu, na baadaye vikundi vya taarabu vya wanawake viliiendeleza, wanawake wakivaa kanzu na kofia kuigiza wanaume. Aida angewatambua mara moja kuwa ndugu zake.

Wajua kwamba Nyanda za Juu Kusini hazikuwahi kungoja jumba la maonyesho ndipo ziwe na onyesho? Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi kati ya Wanyakyusa miaka ya 1930, waliandika kwa kirefu juu ya misiba ya Rungwe. Vijana walicheza ngoma na mikuki mbele ya umati, wanawake wakiomboleza na kupita katikati yao. Kilikuwa kilio cha kweli, na papo hapo kilikuwa na mpangilio, zamu na watu wa kutazama. Anayesema tamthiliya ililetwa huku na wazungu hajaketi katika msiba wa Kinyakyusa.

Wajua Malangali? Shule hiyo iliyoko Mufindi ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1920 chini ya mwalimu Mwingereza, W. B. Mumford, na ikajulikana hadi Ulaya kwa jaribio lake: wazee wa Uhehe, Ubena na Usangu waliitwa kufundisha mila, na ngoma za jadi zikawa sehemu ya siku ya shule. Jaribio lilikuwa na kasoro zake, maana serikali ya kikoloni ilitaka kuchagua yenyewe mila ipi ibaki na ipi ife. Kasoro nyingine naiona kubwa zaidi: ilikuwa shule ya wavulana. Bibi zetu, ambao ndio waliokuwa na hadithi, na sauti za fisi na sungura, na nyimbo za katikati ya hadithi, hawakuwa na darasa la kurithisha ufundi wao.

Wajua kwamba Mkwawa, mtwa wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ana tamthiliya yake? M. M. Mulokozi aliandika Mukwava wa Uhehe mwaka 1979. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 25 tangu gavana Edward Twining arudishe fuvu la mtwa huyo Kalenga, Juni 1954.

Na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, wajua inafunguliwa na nani? Wanawake. Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile wanazungumza juu ya njaa na taabu za nyumbani kabla mwanaume yeyote hajazungumza juu ya vita. Ni mlango mzuri sana wa kuingilia katika Majimaji. Kisha mchezo unaondoka nao, unakwenda kwa wanaume, na mwigizaji wa kike aliyeanza vizuri anabaki nyuma ya pazia akisubiri. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya binti aliyetaka kuigiza nchini: nafasi ya mke, nafasi ya mama, nafasi ya mpenzi anayelia. Dawa ikapatikana kwa wanawake wenyewe kushika kalamu.

JE, WAJUA kwamba Penina Muhando, mzaliwa wa Berega, Kilosa, mwaka 1948, alikuwa ameshachapisha tamthiliya nne kabla hajafikisha miaka thelathini? Hatia (1972), Tambueni Haki Zetu (1973), Heshima Yangu (1974), Pambo (1975). Zote kwa Kiswahili. Alikuwa mhadhiri Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mahali ambapo Kiingereza ndicho kilichompandisha mtu cheo, naye tamthiliya zake aliendelea kuziandika kwa lugha ambayo mama wa Kihesa na mama wa Mwanjelwa wanaielewa bila mkalimani. Huo ulikuwa uamuzi, na ninauheshimu kuliko tuzo yoyote.

Kisha ikaja Nguzo Mama, mwaka 1982. Hapa tukae kidogo. Kijijini Patata wanawake wameitwa kuisimamisha nguzo. Ni nzito. Kila mmoja ana mzigo wake nyumbani: mwingine amechoka, mwingine anagombana na mwenzake, mwingine ni mjane ambaye ndugu wa mume wamemkomba kila alichochuma na marehemu. Majina yao ni Bi Pili, Bi Nne, Bi Saba na kuendelea, kwa hesabu tu, kama foleni ya zahanati. Bi Msimulizi anatutembeza katikati yao akizungumza na sisi moja kwa moja, jinsi bibi anavyosimulia watoto jikoni. Na nguzo? Haisimami. Muhando hakutupa ushindi wa bure. Angeweza kuisimamisha katika onyesho la mwisho, watu wakapiga makofi wakarudi nyumbani wameridhika. Hakufanya hivyo, na mjane anayefukuzwa katika shamba la mahindi huko Mbozi au Kilolo leo anajua kwamba mwandishi huyo alisema kweli.

Mwangalie pia mwigizaji. Katika Nguzo Mama jukwaa ni la wanawake. Tazama idadi ya nafasi: si mke mmoja nyuma ya shujaa, ni kijiji kizima cha wanawake, kila mmoja na sauti yake, hasira yake na uchovu wake. Mwandishi mmoja aliajiri waigizaji wa kike wengi kwa siku moja kuliko michezo kadhaa ya kabla yake ikijumlishwa. Wala mchezo huo hauhitaji ukumbi. Uwanja wa shule unatosha, gogo moja zito na kanga.

Wajua kwamba mwaka huohuo, 1982, kilichapishwa Harakati za Ukombozi, mchezo ulioandikwa na wanawake watatu kwa pamoja? Muhando, Amandina Lihamba, na Ndyanao Balisidya, yule wa riwaya ya Shida. Walisimulia historia ya nchi jukwaani, tangu ukoloni na kuendelea.

Sasa Lihamba mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1944. Kama kuna mtu hapa kwetu ambaye maisha yake yanastahili kuwekwa sambamba na yale ya Maude Adams, ni yeye. Ameigiza, ameongoza michezo, ameandika, amefundisha vizazi vya wanafunzi wa sanaa za maonyesho pale Mlimani. Mwaka 1980 ilitoka Hawala ya Fedha, mchezo alioujenga juu ya kisa cha Ousmane Sembène wa Senegal: mtu amepata fedha kwa hawala, na kila ofisi anayoingia inamrudisha. Mwaka 1985 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na tamthiliya nchini baada ya Azimio la Arusha. Na mwaka huohuo alionekana katika filamu fupi ya Arusi ya Mariamu akiwa Mariamu mwenyewe, mwanamke mgonjwa anayeogopa tiba ya mganga. Tasnifu na filamu ndani ya mwaka mmoja!

Wajua Tuseme? Mwaka 1996 Lihamba na Muhando, ambaye sasa wengi wanamfahamu kama Profesa Penina Mlama, walianzisha mradi huo katika shule za sekondari. Wasichana wanakaa pamoja, wanataja kinachowakwamisha masomoni, wanakitungia igizo, wanaliigiza mbele ya walimu wao wenyewe. Msichana ambaye hawezi kumwambia mwalimu jambo ofisini anaweza kulisema jukwaani, kwa mdomo wa mhusika, shule nzima ikisikia. Baadaye FAWE, shirika la kutetea elimu ya wasichana, liliuchukua mpango huo na kuupeleka nchi nyingine za Afrika.

Wajua kwamba waigizaji wengine tuliwapenda bila kuwaona hata mara moja? Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Mkwaju, dereva wa malori wa masafa marefu, ana mwanamke kila kituo. Wasikilizaji wa Mafinga, Makambako na Tunduma hawakuhitaji kuelezwa ni mtu wa namna gani. Mkewe, Tunu, anachoka, anaachana naye, anaanzisha biashara yake. Wajua pia kwamba watafiti waliacha makusudi eneo la mtambo wa Dodoma bila mchezo huo hadi mwaka 1995, ili wapime umebadilisha nini kwingineko katika uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI?

Uganda nako: Rose Mbowa, mwalimu wa Makerere na mtunzi wa Mother Uganda and Her Children, miaka ya 1990 aliigiza mama mchuuzi wa vitani katika mchezo maarufu wa Mjerumani Bertolt Brecht, na aliuigiza kwa Kiganda. Alifariki mwaka 1999.

La mwisho. JE, WAJUA kwamba filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kuwania tuzo za Oscar, mwaka 2001, ilibebwa na mwanamke wa jukwaani? Ni Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Lihamba ni Samehe, mgonjwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno, na daktari wake ni Mmarekani mweusi, aliyeigizwa na BarbaraO. Mwigizaji aliyezoea kufikisha sauti hadi mstari wa mwisho wa watazamaji alipewa nafasi ya mtu asiyesema, akaifanya kwa macho na mabega. Maude Adams alistaafu akiwa na miaka 45. Lihamba alipocheza Samehe alikuwa amevuka hamsini, na bado alikuwa na wanafunzi wa kufundisha.