"Betri kavu" si aina moja: Mfanyabiashara ajue anachonunua

MADUKANI, jina la "betri kavu" hutumika kwa kila betri ya risasi isiyohitaji kuongezwa maji. Hata hivyo, jina hilo linaficha bidhaa tatu tofauti, na mfanyabiashara anayeziweka katika fungu moja anaweza kupoteza mtaji bila kujua ulikopotelea.

Ya kwanza ni betri ya gari iliyofungwa. Ndani ina tindikali ya maji kama kawaida, ila risasi yake imechanganywa na kalsiamu ili maji yasipungue upesi. Kazi yake ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Mteja wa sola akiuziwa hii, haitachukua muda atairudisha dukani.

Ya pili ni AGM. Humo tindikali imenyonywa na mikeka myembamba ya nyuzi za kioo iliyopangwa kati ya mabamba ya risasi. Ndiyo inayotumika sana kwenye UPS za kompyuta na kengele za wezi, hasa ile ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7.

Ya tatu ni ya jeli, ambayo tindikali yake imegandishwa kwa silika ikawa kama uji mzito. Huvumilia zaidi kutumika hadi kukaribia kuisha, lakini bei yake ni kubwa. Aidha, nyingi hazitaki chaji inayozidi volti 14.4, kiwango ambacho AGM nyingi hukistahimili. Muuzaji amwulize mteja ana chaja ya aina gani.

Hasara kubwa, hata hivyo, hutokea ghalani. Betri hizi hujipunguza chaji zenyewe, takriban asilimia 3 kwa mwezi katika nyuzi joto 25, na kasi hiyo huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 zaidi. Chini ya paa la bati lenye joto la nyuzi 35, mzigo uliokaa miezi sita unaweza kuwa umepoteza theluthi ya chaji. Ukiachwa hivyo, chumvi ya risasi huganda kwenye mabamba, na betri ambayo haijawahi kutumika huwa mbovu.

Hivyo basi, kabla ya kulipia mzigo, angalia mambo matatu. Kwanza, tarehe ya kutengenezwa. Pili, pima kwa mita: betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.8 ikiwa imetulia. Ikiwa chini ya 12.4 inahitaji kuchajiwa mara moja. Tatu, ipime kwenye mizani. Betri ya ampea-saa 7 huwa na uzito wa kilo 2 na zaidi kidogo. Ikiwa nyepesi mno, risasi iliyomo ni pungufu.

Ukishanunua, uza kwanza zilizotangulia kuingia, na zinazobaki zichaji kabla ya miezi sita; penye joto kali, kila baada ya miezi mitatu. Gharama ya umeme huo ni ndogo kuliko ya mzigo uliofia ghalani.