Tumbawe likigeuka jeupe halijafa, lina njaa

Ukizamia na miwani pale Chumbe, Zanzibar, au Kisite kule Kwale, utaona kitu kama bustani ya mawe yenye rangi. Lakini si mawe, na si mimea. Matumbawe ni wanyama.

Tumbawe moja ni mkusanyiko wa wanyama wadogo, mara nyingi maelfu, kila mmoja na mdomo wake. Shida ni kwamba maji haya safi ya bahari ya joto yana chakula kidogo. Sasa wanashibaje?

Mpangaji anayelipa kwa sukari

Ndani ya mwili wa tumbawe unaishi mwani mdogo sana, hauonekani kwa macho. Tumbawe linaupa makazi salama, hewa ya kaboni na uchafu wake, ambao kwa mwani ni mbolea. Mwani nao unatumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, halafu sehemu kubwa unamwachia mwenye nyumba. Chakula hicho kinaweza kufika asilimia 90 ya nguvu ambazo tumbawe linahitaji. Hata rangi nyingi unazoziona ni za mwani.

Joto linavunja mkataba

Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 tu, kwa wiki kadhaa, mwani unaanza kutoa kemikali zenye sumu. Tumbawe linaufukuza. Linabaki na ngozi angavu, na weupe unaouona ni mifupa yake ya chokaa.

Hapo bado liko hai, ila limepoteza mpishi wake. Maji yakipoa mapema, mwani unarudi. Joto likiendelea, tumbawe linakufa kwa njaa au magonjwa.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998. Joto la El Niño liliua matumbawe mengi Kenya na Tanzania. Aprili 2024, wanasayansi walithibitisha wimbi la 4 la kupauka duniani.

Inakuhusu nini?

Changu, pono na pweza wa sokoni wanategemea miamba hii, na ndiyo inayopunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufukweni.

Joto la bahari huwezi kulizima peke yako. Lakini tumbawe lenye njaa halihitaji adhabu nyingine: baruti, nanga, wala mguu wako maji yakitoka. Likiachwa litulie, lina nafasi ya kumpokea tena mpangaji wake.