Doa Jeupe Kifuani

Sogeeni, wajukuu zangu, niwaeleze jinsi daktari anavyotazama ndani ya kifua bila kukipasua.

Tumchukue mvuvi wa Busisi. Amekohoa mwezi mzima, amekonda, na usiku jasho linamlowesha. Anakwenda Hospitali ya Sengerema, inayotibu watu tangu 1959. Anavua shati, anaegemeza kifua kwenye mashine, anaambiwa: "Vuta pumzi, ibane!" Mara picha imeshapigwa. Hiyo ndiyo eksirei, mionzi iliyogunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Hewa huipitisha, hivyo mapafu hutoka meusi. Mfupa huizuia, hivyo mbavu hutoka nyeupe.

Sasa, ndani ya weusi ule pana doa jeupe. Ni kifua kikuu (TB)? Ni saratani? Ni uvimbe usio na madhara? Kwa eksirei peke yake ni vigumu kukata shauri, maana moyo, mbavu na mishipa vimelaliana kwenye picha moja. Basi mvuvi anavuka Daraja la Kigongo–Busisi, anafika Hospitali ya Bugando, Mwanza, kupigwa siti skani. Mashine hii humzunguka mgonjwa na kukionyesha kifua kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa slesi.

Daktari wa mionzi huanza kujiuliza. Uvimbe umekaa wapi? Ulio mbele, nyuma ya mfupa wa kifua, huenda umetoka kwenye tezi. Ulio nyuma, kando ya uti wa mgongo, mara nyingi hutokana na neva. Una nini ndani? Mashine hupima jinsi kila kitu kinavyozuia mionzi: maji ni 0, hewa ni −1000, mafuta huwa chini ya 0, na mfupa hupanda juu sana. Upo uvimbe uitwao teratoma, ambao waweza kuwa na mafuta, nywele, hata meno! Kingo zake je? Zikiwa laini, zinatia moyo. Zikiwa na miiba, zinatia shaka.

Lakini picha huelekeza tu. Jibu la uhakika hutoka maabara, makohozi yakishapimwa, au kinyama cha uvimbe kikishatazamwa kwa hadubini.

Kwa hiyo msimzike mtu kwa sababu ya doa, wala msidhani kila kikohozi ni TB. Anayekohoa wiki mbili au zaidi, mhimizeni aende hospitali. Na anayemeza dawa za TB bila kupata nafuu, arudi akapimwe upya. Ugonjwa ukijulikana mapema, tiba nayo huanza mapema.