KANUNI ZA MCHEZO WA VITA: ZIPI ZIMEDUMU, ZIPI ZIMECHAKAA

Watu wengi wakisikia neno "mchezo" hudhani kwamba ni jambo la kupitisha wakati baada ya kazi. Hata hivyo, upo mchezo mmoja wa mezani ambao maofisa wa majeshi mbalimbali wameucheza kwa bidii ile ile wanayoitumia katika mazoezi ya uwanjani. Kanuni zake mashuhuri zilichapishwa mwaka 1824 katika ufalme wa Prussia, ambao baadaye ulikuwa msingi wa dola ya Ujerumani. Kwa Kijerumani mchezo huo huitwa Kriegsspiel, yaani mchezo wa vita.

Kanuni mpya hupendeza siku ya kwanza. Thamani yake hujulikana baada ya kuchezwa mara nyingi na watu wenye tabia mbalimbali, wakiwamo wale wapendao kushinda kwa hila. Kanuni za Prussia zimepitia jaribio hilo kwa karibu miaka 200, na yaliyozipata yana mafunzo kwa kila mtu anayetoa amri au kupokea amri.

MWANZO WAKE

Mwaka 1780, Johann Hellwig, mwalimu wa hesabu katika mji wa Brunswick, alichapisha mchezo wa vita uliotokana na sataranji. Ubao wake ulikuwa na vyumba 1,617, vilivyotiwa rangi kuonyesha milima, misitu na maji. Lakini kama ilivyo katika sataranji na katika bao letu, wachezaji wote wawili waliona kila kitu. Mchezaji wa bao huweza kuhesabu kete za mwenzake shimo kwa shimo. Kamanda vitani hana bahati hiyo.

Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz, ofisa wa kiraia wa serikali ya Prussia, alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III meza kubwa yenye vipande vya ardhi vilivyoweza kupangwa upya kila mara. Meza hiyo ilikuwa nzuri, ila ilifaa jumba la mfalme kuliko kambi ya askari. Mwanawe, luteni wa mizinga, ndiye aliyeuondoa mchezo katika meza hiyo na kuuweka juu ya ramani za karatasi. Mwaka 1824 luteni huyo alichapisha kitabu cha kanuni.

Inasimuliwa kwamba mkuu wa majenerali wa makao makuu, Karl von Müffling, aliupokea mchezo huo kwa ubaridi. Baada ya kutazama mapigano yakiendelea kwenye ramani, moyo wake uligeuka, akatamka kwamba huo haukuwa mchezo bali mafunzo halisi ya vita. Akaupendekeza kwa jeshi zima.

JINSI ULIVYOCHEZWA

Ramani ilichorwa kwa kipimo cha 1 kwa 8,000, hivyo sentimita moja ilisimama mahali pa mita 80. Vikosi vilionyeshwa kwa vipande vidogo vyekundu na vya buluu, vyenye ukubwa uliolingana na nafasi ambayo kikosi chenyewe kingechukua ardhini. Kwa hiyo, batalioni haikuweza kupenya mahali ambapo askari wa kweli wasingeenea.

Kati ya pande mbili alikuwapo mwamuzi. Wachezaji walimwandikia amri zao, naye ndiye aliyevisogeza vikosi. Kikosi cha adui hakikuwekwa mezani mpaka kimeonekana na askari wa upande wa pili. Mchezaji aliyetaka kujua kilicho nyuma ya kilima alilazimika kupeleka wapelelezi, kisha angoje taarifa yao. Amri iliyopelekwa mbali nayo haikufika papo hapo, kwani mjumbe alihitaji muda wa kupanda farasi na kuvuka mto.

Kila zamu iliwakilisha dakika mbili za vita. Risasi, mizinga na mapambano ya ana kwa ana viliamuliwa kwa dadu za namna ya pekee na kwa majedwali ya hasara. Mwandishi wa kanuni aliweka dadu kwa makusudi, kwa sababu hata mpango mwema huweza kuvurugwa na bahati, na kamanda lazima ajizoeze kupambana na hali hiyo.

YALIYOCHAKAA

Mwandishi mwenyewe hakuishi kuona matunda ya kazi yake. Mwaka 1826 alihamishwa kutoka Berlin kwenda Torgau akiwa kapteni, na mwaka 1827 alijiua. Mchezo ulibaki mikononi mwa maofisa wenzake, nao ndio waliogundua kasoro zake kwa kuucheza mwaka hadi mwaka. Mwaka 1828 kundi la maofisa wa Berlin lilitoa nyongeza ya kanuni.

Kasoro ya kwanza ilikuwa mwendo wa pole. Ikiwa zamu moja ni dakika mbili, basi mapigano ya saa moja yahitaji zamu 30, na ya saa sita yahitaji zamu 180. Katika kila zamu mwamuzi alisoma amri, akapima umbali, akarusha dadu, akafungua majedwali na kuandika hasara. Wachezaji walikaa wakingoja.

Kasoro ya pili ilikuwa silaha. Majedwali ya 1824 yalitungwa kwa bunduki na mizinga iliyotumika katika vita vya Napoleon. Bunduki mpya zilipoanza kupiga mbali zaidi na kwa haraka zaidi, takwimu zile ziligeuka kuwa uongo. Mwaka 1862 Wilhelm von Tschischwitz alitoa kanuni zilizorekebishwa na kurahisishwa. Lakini jedwali ni kama nguo ya mtoto: hata ikishonwa vizuri, mwili huendelea kukua.

Wakati huo mkuu wa majenerali alikuwa Helmuth von Moltke, aliyeupenda mchezo huu tangu alipokuwa ofisa kijana. Prussia ilipoishinda Austria mwaka 1866, na kisha Ufaransa katika vita vya 1870 na 1871, majeshi mengine yaliutamani. Mwaka 1872 kanuni za Tschischwitz zilitolewa kwa Kiingereza kwa ajili ya jeshi la Uingereza, na mwaka 1882 ofisa wa Marekani, W. R. Livermore, alichapisha kanuni zake.

MEZA ISIYO NA MAJEDWALI

Huku wageni wakiukimbilia mchezo, Wajerumani wenyewe walikuwa wakiulalamikia. Ofisa Jakob Meckel, ambaye baadaye alifundisha katika chuo cha maofisa cha Japani, aliandika kwamba ugumu wa kanuni uliwafukuza waamuzi wazuri. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alikwenda mbali zaidi. Alishauri kwamba dadu na majedwali viwekwe kando, na mwamuzi mwenye uzoefu aamue kila jambo kwa akili yake.

Mchezo ukawa mwepesi mara moja. Mwamuzi aliweza kupitisha saa mbili zisizo na tukio kwa neno moja, kisha akakaa kwa makini penye mapambano. Silaha mpya haikuhitaji jedwali jipya.

Pamoja na faida hizo, uliingia udhaifu ambao kanuni za 1824 ziliuzuia. Jedwali haliogopi cheo, nayo dadu haimjui jenerali. Mwamuzi ni binadamu, na yawezekana mchezaji aliye mbele yake ni mkubwa wake wa kazi. Katika mazoezi makubwa ya uwanjani, Kaisari Wilhelm II alizoea kuingilia kati, na upande wake haukuachwa ushindwe. Helmuth von Moltke mdogo, mpwa wa yule wa kwanza, alipotakiwa kushika ukuu wa majenerali mwaka 1906, alimwomba Kaisari aache tabia hiyo.

MWAMUZI ANAPOIPINDISHA HUKUMU

Mfano ulio mkali zaidi ulitokea Japani. Mwezi Mei 1942, wakuu wa jeshi la majini walikutana katika manowari Yamato ili kuujaribu mezani mpango wa kukishambulia kisiwa cha Midway. Kwa mujibu wa maelezo yaliyoandikwa na maofisa wa Kijapani baada ya vita, dadu zilionyesha kwamba ndege za Marekani zimepiga mabomu 9 yaliyofikia shabaha, na meli mbili za kubeba ndege, Akagi na Kaga, zimezama.

Admirali Ugaki Matome, aliyesimamia mchezo, aliikataa hukumu hiyo. Mabomu 9 yakapunguzwa kuwa 3. Akagi ikaokolewa, na Kaga, iliyohesabiwa kuwa imezama, ikarudi mezani katika sehemu iliyofuata.

Katika mapigano yaliyoanza tarehe 4 Juni 1942, Japani ilipoteza meli nne za kubeba ndege, zikiwamo Akagi na Kaga. Mchezo hautabiri yatakayotokea kesho, na haingekuwa haki kusema kwamba dadu zilijua. Lakini zilikuwa zimeuliza swali la maana: itakuwaje adui akituwahi? Swali hilo lilinyamazishwa mezani kabla halijajibiwa.

YALIYODUMU

Mwaka 1983 kanuni za 1824 zilitolewa kwa Kiingereza huko Uingereza, na wapenzi wa michezo ya mezani wanazicheza hata leo. Wengi hutumia njia ya kati: majedwali yapo, lakini mwamuzi ana ruhusa ya kufupisha. Takwimu za bunduki zina faida kwa mwanahistoria tu. Yaliyodumu ni mambo manne: kila upande kujua kile tu unachoweza kukiona, amri kuandikwa kwa maneno machache yasiyo na utata, wakati kupimwa kwa haki, na mwamuzi kutosukumwa na yeyote.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalotegemea aina ya silaha. Ndiyo sababu yamestahimili mabadiliko ya bunduki, reli, simu na ndege.

KUUJARIBU NYUMBANI

Familia yaweza kuonja mchezo huu bila gharama, tena bila vita. Vifaa ni karatasi tatu, penseli, dadu moja na vifuniko vya chupa. Chora ramani moja mara tatu: mto, daraja, kilima, soko na njia mbili. Mtu mzima mmoja awe mwamuzi na akae na ramani yake mahali pasipoonekana. Wengine wagawanyike katika doria mbili zinazomtafuta mtoto aliyepotea.

Mwamuzi peke yake ndiye ajuaye mtoto alipo, na kila zamu humsogeza kidogo. Zamu moja iwe dakika kumi. Kila doria iandike amri yake katika kikaratasi: inakwenda wapi, na inatafuta nini. Hairuhusiwi kusemezana na doria nyingine ila kwa barua, nayo barua hufika zamu moja baadaye. Dadu itumike panapokuwa na shaka tu, kwa mfano kama mwenye duka alimwona mtoto akipita.

Watoto watatambua upesi kwamba kikaratasi kilichoandikwa "nendeni kule" hakimsaidii mtu. Mchezo ukiisha, ramani tatu ziwekwe pamoja mezani na mwamuzi aeleze hatua kwa hatua yaliyotokea. Sehemu hiyo isirukwe, maana hapo ndipo kila mmoja huona alichodhani na kilichokuwapo. Na iwapo baba ameshindwa na wanawe, hukumu ibaki kama ilivyo.